Mpigie simu kwanza, kijana wa Njoro

Usiitoe hiyo picha. Leo usiitoe, kesho usiitoe, na huyo rafiki yako anayekuhimiza uitoe Jumapili jioni "watu wakiwa nyumbani na bando" mwambie aitoe yeye, kwa jina lake na kwa simu yake, uone kama atakubali. Nimelisoma swali lako mteja akiwa mbele yangu anangoja nimchapishie fomu za HELB, zile za mkopo wa masomo ya elimu ya juu, nikamwomba akae kidogo. Fomu zake zitangoja. Wewe umesema kesho ndiyo siku.

Kwa ambao hawakuliona swali: huyu ndugu ana picha ya daftari la ghala linalouza mbolea ya ruzuku. Jina la mfanyabiashara mmoja limeandikwa humo mara nyingi kwa siku moja, mifuko 40 na zaidi, na jina la karani aliyetia sahihi linasomeka chini. Anataka kumtaja karani huyo hadharani ili mjadala uwake. Ameuliza mambo matatu: aandike vipi asishtakiwe, atumie kituo gani cha habari watu wakianza kumbishia, na awajibu vipi watakaoleta ukabila. Mwishoni akaongeza kwamba ameshauriwa aanze na neno "inadaiwa" na amalize kwa alama ya kuuliza, eti hapo sheria haimgusi.

Hilo la "inadaiwa" ndilo lililonichoma. Niliambiwa maneno hayo hayo mwaka 2023, na yalinigharimu shilingi 225,000 pamoja na kitu kingine ambacho sijui nikitie bei gani.

Nina saiba, duka la intaneti na fotokopi, hapa Kisumu, upande wa Kondele. Anayepajua Kondele anajua siasa hapa hailali. Asubuhi inaanzia kwenye meza ya magazeti, watu 20 wakisoma kurasa za mbele bila kununua hata moja. Mchana inahamia kwa mafundi na watu wa boda. Jioni inaingia kwenye grupu la wadi na huko inakesha. Mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji, na watu walikuwa wakiningoja niandike ndipo waamue wako upande gani. Nasema hivi ili ujue kwamba sikuponzwa na ugeni. Nilikuwa nimebishana miaka kumi bila kupata hata mkwaruzo.

Ijumaa moja jioni nikaletewa picha ya orodha ya basari ya wadi yetu, zile pesa za umma za kusaidia karo. Aliyeileta alikuwa mtu wa mgombea mmoja aliyeshindwa kwenye uchaguzi wa 2022. Zilionekana safu mbili tu, majina na kiasi cha pesa. Jina la mama mmoja wa kamati ya basari, tunayemjua wote, lilitokea mara tatu, shilingi 8,000 kila mara. Chini kulikuwa na sahihi za wanakamati, na yake ikiwemo.

Uelewe nilikuwa nimeona nini wiki hiyo. Wakati wa basari saiba hujaa kina mama. Wanakuja na barua ya chifu, karatasi ya karo ya shule, wengine na cheti cha kifo cha mume, nao wanalipia fotokopi kwa sarafu za kumi wanazozihesabu mara mbili mezani. Siku hiyohiyo nilikuwa nimemchapishia bure mmoja aliyepungukiwa na shilingi 30. Kisha naletewa picha ya mwanakamati aliyejigawia 24,000. Nilipandwa na hasira, na hadi leo siionei haya hasira ile. Naona haya kwa nilichokifanya nayo.

Nilichukua simu nikampigia kijana mmoja aliyekuwa akijitambulisha kwetu kama mwanahabari. Sikumpigia yule mama. Na namba ya yule mama nilikuwa nayo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimchapia kumbukumbu za mikutano ya chama chao cha akiba. Kwa hiyo kati ya watu wawili ambao ningeweza kuwauliza kuhusu karatasi ile, nilimuuliza yule ambaye hakuwahi kuiona.

Akaniambia: "Weka inadaiwa, weka kiulizo, wewe huna kesi." Nikaandika: "Inadaiwa mwanakamati wa basari amejigawia mara tatu huku mayatima wakikosa. Je, huu ni uongozi?" Nikaambatanisha picha, jina likisomeka vizuri kabisa.

Jumamosi asubuhi picha ilikuwa imefika soko la Kibuye, anakouza mboga yule mama. Mchana ilikuwa kwenye grupu la kanisa lake. Jumapili akaombwa akae pembeni kidogo kwenye uhazini wa kina mama, "mambo yatulie". Wateja wa miaka mingi wakaanza kupita meza yake wakiangalia upande wa pili. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nikihesabu watu walionipongeza.

Sasa sikiliza ukweli wa ile karatasi.

Safu ya kushoto ilikuwa imekatwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa na majina ya wanafunzi. Safu tuliyoiona sisi ilikuwa ya "Mzazi au mlezi", na kichwa hicho nacho kilikatwa kwa juu. Wale watatu ni watoto wa dada yake aliyefariki, na majina yao wala hayafanani na lake. Mayatima niliokuwa nikiwalilia kwenye sentensi yangu ndio hao. Na orodha ilikuwa na ukurasa wa pili, wenye kumbukumbu za kikao, ulioandikwa kwamba mama huyo alieleza uhusiano wake na watoto hao, akatoka nje ya chumba, na wenzake wakaamua bila yeye. Alifanya jambo ambalo tunawaomba viongozi wa nchi hii walifanye kila siku na hawalifanyi, nami nikamwita mwizi.

Aliyeikata picha aliikata akijua. Huwezi kukata safu moja na kichwa cha nyingine kwa bahati mbaya. Alitaka mama yule atolewe kwenye kamati, na alimtafuta mtu mwenye sauti wa kuifanya kazi hiyo. Hajawahi kuniomba msamaha. Nikikutana naye njiani hunisalimia kwa furaha kama mtu niliyemfanyia hisani.

Jumanne ikaja barua ya wakili. Nilipewa siku saba niondoe andiko, niombe radhi kwa maandishi palepale nilipolichapisha, na niahidi kutorudia. Siku saba! Ningekaa chini nusu saa na kuandika kurasa mbili za radhi, jambo lingeishia hapo bila shilingi hata moja. Badala yake nikampelekea barua yule yule mshauri wangu. Akacheka. Akasema siku hizi kumchafulia mtu jina si kosa Kenya, mahakama ilishafuta mwaka 2017.

Kijana wa Njoro, nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo mzima, kwa sababu ukienda kuutafuta unaukuta. Nilitafuta nikaukuta. Ni kweli, Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumfunga mtu jela kwa kashfa. Nikafurahi, nikaitupa ile barua kwenye droo. Ambalo sikulisoma, na ambalo mshauri wangu hakulijua au hakujali kulijua, ni kwamba kilichofutwa ni jinai. Kesi ya madai haikuguswa. Mtu uliyemharibia jina bado anaweza kukushtaki alipwe fidia, mradi afungue kesi ndani ya miezi 12 tangu utangaze. Mama alifungua mwezi wa tatu baada ya andiko langu.

Samansi ilipofika ndipo nikapanda ngazi hadi kwa wakili halisi, Mtaa wa Oginga Odinga. Alisoma maneno yangu mara moja tu. Nikaanza kumweleza habari ya "inadaiwa" na kiulizo. Akaniuliza: "Nani alidai?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba ukirudia maneno ya mtu umeyasema wewe, na korti haishughuliki sana na nani aliyeanza, inaangalia nani aliyetangaza. Kiulizo hakibadilishi kitu ikiwa msomaji wa kawaida ataondoka akiamini mtu fulani ni mwizi. Halafu akasema neno lililonikalisha kitini: ukijitetea kwamba ulisema kweli, kazi ya kuthibitisha ni yako. Mama hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakuiba.

Nikajitetea kwa Katiba, maana Katiba ya 2010 niliijua. Kifungu cha 33, uhuru wa kujieleza. Akaifungua, akanionyesha mahali ambapo katika mabishano yangu yote sikuwahi kufika, kifungu kidogo cha 3 cha hicho hicho 33: anayetumia uhuru huo ataheshimu haki na sifa za wengine. Miaka kumi nilikuwa nikiwanukulia watu kifungu nilichosoma nusu.

Tukapatana nje ya korti. Fidia 150,000, gharama za wakili wake 40,000, wakili wangu 35,000. Niliuza mashine kubwa ya fotokopi, iliyobaki nikakopa kwenye chama. Radhi niliisoma kwenye baraza la chifu nikiwa nimesimama, na nikaichapisha kwenye lile grupu, ambako walioisoma walikuwa wachache mno kuliko walioisambaza picha. Hapo naomba mtu asije kunicheka, mashine nyingine nimeshanunua na fotokopi nafanya, leteni.

Pesa zimerudi. Kijana wa katikati wa wale watatu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye ambaye sijui nimlipe vipi. Wenzake walimpa jina la "Basari". Akakataa kwenda shule. Alikaa nyumbani wiki tano, na siku aliporudi alikuwa amekosa mitihani ya muhula. Hakuwa kwenye mjadala wetu. Hakuwahi hata kuandika neno kwenye grupu letu.

Baada ya kusaini mapatano nilikwenda nyumbani kwa mama, Jumamosi, na mama yangu mzazi akanisindikiza kwa sababu peke yangu nisingeweza kubisha hodi. Alitukaribisha chai. Kisha akatoa mfuko chini ya kiti, akatoa nakala kamili ya orodha, kurasa mbili, zimekunjwa vizuri. Alikuwa amezibeba sokoni wiki nzima ile akingoja mtu amuulize. Akaniambia, "Mwanangu, namba yangu si unayo? Mbona hukunipigia?"

Sijapata jibu la swali hilo, na ndiyo maana nakusumbua wewe.

Na kuna hasara nyingine ambayo wapenda mijadala hatuihesabu. Mwaka ule basari ilikuwa na tatizo la kweli: hundi zilikaa hadi katikati ya muhula wa pili, watoto wakawa wamesharudishwa nyumbani. Hilo ndilo lililotakiwa kuulizwa. Baada ya aibu yangu hakuna aliyeweza kuliuliza tena. Ukisimama barazani unaambiwa, "Nyinyi si ndio wale wa picha iliyokatwa?" Waliochelewesha hundi wakalala usingizi mzuri, na blanketi niliwapa mimi.

Sasa daftari lako. Picha yako ina pembe zote nne? Umesema kushoto "kuna kivuli kidogo". Kivuli hicho kinanitia hofu kuliko jina la karani. Kichwa cha ile safu ya majina kinasemaje: mnunuzi, au aliyechukua mzigo? Shemeji yangu wa Bungoma msimu mmoja alibeba mifuko 36 kwa pikapu moja. Ilikuwa ya majirani 14, kila mmoja amesajiliwa na chifu, kila mmoja amepata ujumbe wake kwenye simu na kulipa 2,500 zake kwa mfuko. Langoni likaandikwa jina la shemeji kwa sababu gari lilikuwa lake. Ukiipiga picha ile karatasi ukaondoa safu moja, shemeji yangu ni mlanguzi.

Sisemi karani wako ni msafi. Huenda anauza mbolea ya wakulima usiku, sote tunajua vituko vya mbolea. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mifuko ambayo ndani yake hapakuwa na mbolea ya maana, na mjadala ule ulisimama imara kwa sababu waandishi walioufichua walikuwa wamepeleka sampuli maabara kabla ya kufungua mdomo. Aliyetaka kuwabishia alibishana na maabara.

Kwa hiyo mpigie. Jitambulishe, mwambie una picha ya ukurasa wa tarehe fulani, umsomee unachokiona, umuulize maana yake, kisha unyamaze umsikilize. Akieleza, umeokoa mtu, na umejiokoa wewe. Akikata simu, andika saa na dakika aliyokata, umpelekee swali lile lile kwa ujumbe ili libaki kwenye maandishi. Rafiki yako atasema ukimpigia atachoma daftari. Basi tanguliza barua ya kuomba kumbukumbu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na kuiwasilisha hakuna ada. Ipelekee nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya ombudsmani. Na kama unaamini ni wizi mtupu, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hupokea taarifa bila hata kukutaka utaje jina lako. Katika njia zote hizo hakuna mahali panapokulazimisha umtaje karani mbele ya majirani zake.

Umeuliza habari ya vituo. Mwaka 2022, baada ya kura ya Agosti, watu hapa Kondele walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya runinga. Kituo kimoja kinamweka Raila mbele, kingine kinamweka Ruto, saa hiyohiyo, na kila mtu ana skrinshoti yake anaipunga hewani. Hakuna kituo kilichokuwa kikidanganya. Wote walikuwa wakichukua fomu zilezile za 34A, za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, na kila chumba cha habari kilianza kujumlisha na fomu zake. Ukianza na Nyanza, ngome ya Raila, yeye yuko mbele; ukianza na Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, yeye yuko mbele. Mtu aliyefungua fomu ya shule aliyopigia kura mwenyewe alinyamazisha kibanda kizima, kwa sababu alikuwa na karatasi na wengine walikuwa na vioo vya runinga. Kwa hiyo usiulize kituo gani. Ukishika karatasi kamili, na ukampigia mwenye jina, taja kituo unachotaka.

Na nikukumbushe unakaa wapi: Njoro iko Nakuru. Nakuru na Kisumu ni miji ambayo mwaka 2008 iliona jina la mtu likigeuzwa kuwa hukumu. Waliokufa nchi nzima katika ghasia zile za baada ya uchaguzi walifika 1,133 kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki iliyozichunguza, na tume hiyohiyo iliandika juu ya jumbe za simu na redio zilizochochea. Jina la karani wako linaonyesha alikotoka. Ukilitoa na neno "mwizi" pembeni yake, hutakuwa na uwezo wa kuchagua nani analisoma vipi.

Ghala hufunguliwa saa mbili asubuhi, na umesema namba ya ofisi imebandikwa langoni. Piga kabla foleni haijaanza, maana baadaye hatapata nafasi ya kukusikiliza. Uwe na kalamu. Niko hapa saiba mpaka saa moja jioni. Mara tu ukikata simu, njoo uandike hapahapa alichokuambia kuhusu ile safu ya kushoto, kabla hujamwonyesha mtu yeyote hiyo picha.